Siku ya Kufuta ya Mama Monitrice

Sitasema Mama Monitrice alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Si kwamba sijui. Najua, na nusu ya mtaa walijua, lakini Kolwezi ilipitia miaka ambayo maswali hayo mawili yaliwapandisha watu treni bila kupenda, wakirudishwa eti kwao, na tangu hapo nimejizoeza kuyaruka. Nitaanza na sauti yake, maana ndiyo iliyokuwa ikifika kwanza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusema juu ya kelele za cherehani nyingi, na hata mahali palipokuwa kimya hakuipunguza. Kanisani, wakati wa sala ya kimya, sote tulijua anaomba nini. Mchungaji alishamzoea.

Monitrice ni jina la kazi. Kampuni ya shaba, enzi zake, ilikuwa na nyumba iliyoitwa foyer, ambako wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kupima watoto uzito, na wanawake waliofundisha pale waliitwa hivyo. Kampuni ilitupa unga, shule, hospitali, hata rangi ya kupaka ukutani, kwa hiyo hatukuona ajabu itufundishe na kushika sindano. Nilifika foyer nikiwa mke mpya wa fundi umeme wa mgodini. Mama Monitrice alinigeuza viganja juu chini, akauliza, "Hii mikono ilikuwa inafanya nini hii miaka yote?" Nilitaka kumjibu kwamba ilikuwa shuleni, lakini nilimwogopa.

Kisha kampuni ikaanguka. Mishahara ilichelewa, halafu ikasahauliwa, halafu waume zetu wakaambiwa wapumzike nyumbani, na mwisho foyer ikafungwa kwa kufuli. Mama Monitrice naye alikuwa hajalipwa muda mrefu. Badala ya kulalamika alikwenda kuketi kwenye kiti cha wageni ofisini kwa mkubwa, sindano za kufumia mkononi, akarudi kesho yake na kesho kutwa, akimsalimia kila aingiaye kama vile yeye ndiye mwenye ofisi. Mkubwa ndiye aliyechoka kwanza. Akampa kile alichokuwa anakitaka tangu mwanzo, mashine ya kutarizi ambayo wageni fulani kutoka Ulaya waliiletea foyer, pamoja na kompyuta yake na diski ya programu yake. Mashine tuliifunga juu ya baiskeli, kompyuta ikaja kichwani kwangu.

Tulikuwa wanawake watano sebuleni kwake, pamoja naye. Tulitarizi majina kwenye sare za shule, maua kwenye vitambaa vya meza, mabango ya parokia, alama za kampuni ndogondogo kwenye ovaroli. Waume walikuwa nyumbani wanatazama dari, kwa hiyo nyumba zetu zote zilikula kutoka kwenye mashine ile, na ingesimama tungelala njaa; hilo hatukulisahau hata siku moja. Na ilikuwa rahisi kusimama. Mashine haikuelewa mchoro wowote ila uliotengenezwa na programu ile, na programu ile ilikubali kuishi ndani ya Windows tu, si mahali pengine.

Siku moja mwenzetu, Mama Chantal, alikwenda cyber kutafuta picha ya njiwa kwa ajili ya bango la komunyo ya kwanza. Alirudi na njiwa na virusi ndani ya flash moja. Kufika alasiri kompyuta ilikuwa haifunguki tena, na njiwa mwenyewe hatukupata kumwona. Mwenye cyber alipoitwa alikuja akicheka, akasema hilo ni jambo dogo, anayo Windows mfukoni, atatuwekea mara moja.

"Ni ya kwiba?" Mama Monitrice akamuuliza.

"Mama, kila mutu anafanya vile."

"Sikuuliza kila mutu. Niliuliza kama ni ya kwiba."

Mwenye cyber akarudi na Windows yake mfukoni. Na hapa ndipo ninapopenda kumkumbuka Mama Monitrice, kwa sababu wakati anayasema hayo, taa iliyokuwa juu ya kichwa chake ilikuwa inawaka kwa waya uliovutwa kutoka kwenye nguzo bila watu wa umeme kuarifiwa. Nilimwonyesha waya ule kwa kidole, nikimchokoza. "Ile ni courant," alisema bila kupepesa macho. "Courant inatoka mu maji ya Lualaba. Maji ni ya Mungu." Nikawaza nimwulize nguzo ni ya nani, nikaona nitapoteza siku.

Aliyetuokoa ni mzee tuliyemwita Tata Karani. Zamani alikuwa katika ofisi ya kompyuta ya kampuni. Sasa alikuwa anauza kadi za simu chini ya mwavuli. Alituletea diski ya Linux, akatueleza kwamba huo ni mfumo wa kuendesha kompyuta ambao watu wengi wa nchi nyingi wameuandika pamoja na kuuacha wazi, ili kila anayetaka auchukue, aufungue, aurekebishe na kumpa mwenzake, bila kumwibia mtu. Mama Monitrice aliuliza tena na tena kama kweli haulipiwi, na mara moja akauliza kama waliouandika wamebatizwa. Tata Karani alisema anadhani baadhi yao. Jibu hilo lilitosha.

Shida ni kwamba programu yetu ya kutarizi haikuijua Linux hata kidogo. Ndipo Tata Karani akataja programu nyingine inayokaa katikati, inayoziwezesha programu za Windows kutembea ndani ya Linux. Inaitwa Wine, akasema, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli akaongeza kwamba maana yake ni divai. Mama Monitrice alikuwa wa kanisa lisilogusa pombe. Hata kwenye meza ya Bwana wao hunywa maji ya zabibu. Alikunja mikono. "Mu nyumba yangu?" Tata Karani alijitahidi kueleza kwamba ni jina tu, kwamba haimleweshi mtu, kwamba hata wachungaji wanaitumia. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaamua. "Tutaiita Jus." Basi tukaiita Jus, yaani juisi, sote, na mpaka leo nikiona jina lake halisi kwenye skrini huwa nashtuka kidogo.

Tata Karani alituonyesha inavyofanya kazi. Programu inaomba kitu, ikidhani inaongea na Windows. Jus inapokea ombi, inaligeuza kuwa la Linux, inarudisha jibu. Hata diski ya C, ambayo Linux haina, Jus inaitengeneza, programu isije ikajiona imepotea.

"Donc haiyue kama iko mu nyumba ya bengine?" aliuliza Mama Monitrice.

"Haiyue, Mama. Inafikiri iko kwabo."

Aliweka mkono juu ya kompyuta. "Na hakuna mwenye atakuya kuiambia irudi kwabo?"

"Hakuna, Mama."

"Bon," alisema. "Ikae."

Mimi niliyejua habari yake nilitazama chini. Mama Chantal, ambaye hakujua, aliuliza kama chai iko tayari.

Msidhani Jus ilikuwa laini tangu siku ya kwanza. Bango la kwanza tulilotarizi kupitia kwake lilikuwa la sikukuu ya akina mama, kwa Kifaransa, na zile herufi za Kifaransa zenye vikofia juu zilikosekana ndani ya Linux yetu. Kila palipotakiwa herufi ya namna hiyo skrini ilichora kijumba kidogo kitupu. Sisi tulidhani programu inajua kuliko sisi, tukaitii, na bango likatoka na vijumba vitupu vya uzi wa dhahabu katikati ya maneno. Mwenyekiti wa akina mama alilitazama kwa muda mrefu, kichwa upande. "Bale ba carrés banamaanisha nini?" Mama Monitrice, ambaye sikuwahi kumsikia akisema hajui kitu, alijibu, "Ni broderie ya Ulaya," yaani utarizi wa kule. Jumapili iliyofuata parokia nyingine ikaagiza bango, nayo ikataka ba carrés. Tata Karani alishaziweka zile herufi zilizokosekana na kila kitu kilikuwa sawa, lakini tulitarizi vijumba vile kwa makusudi kwa muda mrefu, maana wateja walivipenda.

Waya wa kuunganisha kompyuta na mashine nao ulikuwa na mambo yake. Linux ilikataa kutuacha tuutumie, mpaka Tata Karani alipogundua kwamba jina la mtumiaji lazima liandikishwe kwanza katika kikundi cha wanaoruhusiwa, halafu utoke na kuingia upya. Mama Chantal alisonya. Mama Monitrice alifurahi mno. "Hii kompyuta iko na akili," alisema. "Hata kwa ba mama ya kanisa, hauwezi kushika sahani ya sadaka mbele bakuandike mu groupe." Tangu hapo, mtu akikwama kwenye waya, tulimuuliza kama ameshaingia groupe.

Sisi tulipoona ujumbe wa kosa kwenye skrini tulipiga yowe na kushika vichwa. Yeye alikuwa na neno moja kwa hilo. "Soma kwanza, utalia kisha." Alitusomesha kila ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, na Kifaransa chetu kilikuwa cha kuungaunga, na kumbe mara nyingi jibu lilikuwa mlemle ndani, faili fulani linaitwa na halipo. Kwa kompyuta alisema Kifaransa cha heshima, na "s'il vous plaît" kila mara. Kwetu alisema Kiswahili kisicho na heshima nyingi. Na mara chache, akidhani yuko peke yake, alimwambia Mungu mambo yake kwa lugha nyingine, laini, ambayo mtaani kwetu watu walikuwa wameacha kuisema kwa sauti.

Alikuwa anahubiri kwamba programu nzuri ni ile unayoweza kumpa jirani bila kuomba ruhusa. Mkasi wake, hata hivyo, hakuna aliyeugusa. Niliwahi kuushika kwa kusahau, nikakata uzi mmoja tu, akaninunia hadi Jumapili. Alisema tusiwe na wivu, halafu akawa hazungumzi na mshonaji wa mtaa wa pili kwa sababu alipata oda ya sare za shule. Alimsema vibaya kila aliyechelewa, na yeye mwenyewe alifika harusini watu wakiwa wanaondoka. Nilimpenda hivyo hivyo, na nadhani alijua.

Sasa nifike kwenye lile tulilomchukia kwalo. Kila mwisho wa mwezi, kompyuta ikiwa nzima kabisa na kazi zikitusubiri, Mama Monitrice aliifuta. Aliifuta yote, Linux, Jus, programu, herufi, michoro, waya na groupe yake. Akishamaliza alimnyooshea mmoja wetu kidole. "Leo ni weye." Kisha alitoka uani na ungo wa maharage, akaketi ametupa mgongo, akaanza kuchagua. Aliyenyooshewa kidole alipaswa kurudisha kila kitu kuanzia sifuri, kutoka kichwani, mpaka mashine itarizi herufi moja juu ya kipande cha kitambaa. Kuandika pembeni alikataza, akisema karatasi zinalowana. Wengine waliruhusiwa kukaa na kutazama lakini si kusaidia. Siku hiyo tuliiita Siku ya Kufuta, na mume wangu, nilipomsimulia, aliamini kwa dhati kwamba tumejiunga na dhehebu.

Zamu yangu ya kwanza niliweka Linux vizuri, nikaweka Jus vizuri, nikakwama kwenye programu, ikawa inafunguka na kujifunga. Nililia kwa hasira. Kutoka uani, bila kugeuka, sauti ikaja, "Ulisoma?" Sikuwa nimesoma. Nilipomaliza jua lilikuwa limeshazunguka upande wa pili wa nyumba, na mashine ikatarizi herufi A iliyopinda. Nilitoka nayo uani nikamtupia mapajani, nikamuuliza kwa ukali niliouazima sijui wapi kwa nini anatutesa hivi wakati kompyuta haina ugonjwa wowote.

Hakukasirika. Aliisogeza ile A pembeni ya maharage, akaanza kuzungumza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Siku balitufukuza, nilibeba kichwa ya cherehani yangu. Niliacha masufuria, niliacha photo ya ndoa. Mi na kichwa ya cherehani mpaka mu treni. Batu bananiambia, Mama, tupa ile chuma, beba maji. Mi nakatala. Tulikaa mu ile treni siku mingi, batoto banakufa, mi nashika cherehani. Kufika kule naifungua, canette haiko."

Canette ni kile kikopo kidogo cha chuma kinachokaa chini ya sindano na kushika uzi wa chini. Kinaenea ndani ya ngumi ya mtoto, na bila hicho cherehani haishoni hata pindo.

"Ilibakia hapa Kolwezi, mu kikombe, ku dirisha. Nilikuwa niliitosha mu cherehani juu ya kuipanguza. Kule nilitafuta, nilitafuta, hakuna mutu mwenye alikuwa na ya namna ile. Miaka yote nilikaa na cherehani yenye haishone." Aliokota jiwe dogo katika maharage, akalitupa. "Batarudia, Mama Kabwe. Sijue nani, sijue lini. Ile siku sitaki mumoja wenu atafute canette kama mi."

Alikuwa amerudi Kolwezi kimyakimya mambo yalipotulia. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemzuia, na foyer ilimpokea kwa kuwa kazi yake ilijulikana. Habari ile hakunisimulia tena, na mimi sikumwomba. Niliingia ndani nikawaambia wenzangu kwamba zamu zangu zote zijazo nitazifanya bila kununa, wakanishangaa.

Walirudia kweli, ila safari hii si kwa sababu ya kabila la mtu. Watu mtaani walianza kuchimba uani kwao, kwanza kwa siri, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, maana iligundulika kwamba tumelala juu ya kobalti. Jirani akichimba choo alipata mawe ya kuuza. Baadaye ikaja kampuni yenye karatasi za serikali, ikasema ardhi yote ni yake na mtaa utahamishwa. Walipita nyumba kwa nyumba wakipima kwa utepe. Mama Monitrice aliwapikia chai. "Hii mara balibisha hodi," aliniambia, kama mtu anayesifia maendeleo.

Ilikuwa wazi kwamba kikundi kitatawanyika. Mume wangu alikuwa amepata kibarua Fungurume. Mama Chantal alikuwa anakwenda Dilolo, kwa dada yake anayefanya biashara ya mpakani. Wenzetu wawili walikuwa na jamaa Tenke. Yeye mwenyewe alipewa nyumba kwenye mtaa mpya nje ya mji, nyumba zimepangwa mstari, nzuri, na hakuna umeme. Wiki ya mwisho akaniita, akaniambia nibebe mashine na kompyuta. Nilikataa. Mashine ilikuwa yake, aliikalia kiti cha wageni mpaka ikawa yake.

"Kule naenda hakuna courant," alisema. "Nitaweka nini juu yake, maua? Beba."

Aliifungua mwenyewe kabla ya kuifunga, kipande baada ya kipande, akavitaja vyote kwa sauti, akahakikisha canette ipo, akaitoa na kuirudisha. Kisha kila mmoja wetu akapewa flash yenye kila kitu, Linux, Jus, programu, herufi, michoro yote tuliyochora, hata vijumba. Tulizifunga kwenye pindo la kitenge, mahali ambapo mwanamke huweka pesa ya safari. Siku ya malori nililia mpaka nikaona aibu. Yeye alikuwa mbele, kando ya dereva, anamwambia kwamba vitanda vimefungwa vibaya, na lori likaondoka akiwa bado anamwambia.

Barabara ya Fungurume ilikuwa mbaya, na kompyuta ilifika inalia ndani kama kopo la njugu. Haikuwaka tena. Mashine ilikuwa salama, lakini mashine bila kompyuta ilikuwa meza nzito, na kibarua cha mume wangu kilikuwa bado hakijaanza kulipa. Nilimwomba mwenye duka la kupigisha fotokopi aniachie kompyuta moja kuukuu aliyoiweka nyuma ya duka, ya aina nyingine kabisa, nimlipe kwa kumtarizia. Niliiketisha juu ya ndoo, nikaifuta, nikaanza. Linux. Jus. Programu. Herufi. Waya, na groupe, na kutoka na kuingia upya. Nilifanya nikisema kila hatua kwa sauti, watoto wangu wakinitazama mlangoni. Kabla chakula cha mchana hakijaiva mashine ilitarizi A, na safari hii haikupinda. Nyumba yetu ilikula kutokana na A ile, na hata wenzangu wa Tenke walipoanza kuja Fungurume kwa malori ya mizigo, nao walikula. Mama Chantal alitutumia michoro kutoka Dilolo. Siku ile nilielewa Mama Monitrice alikuwa anatupa nini kila mwisho wa mwezi, na nilimshukuru peke yangu, jikoni.

Miaka ilipita hivyo, kwa simu za hapa na pale na salamu za madereva. Kisha mashine ikafa. Ilitoa moshi kidogo, harufu ya plastiki, basi. Fundi wa Lubumbashi aliifungua akaifunga. Tulinunua nyingine kuukuu, ya aina tofauti, na ile programu yetu, ikiwa bado inaishi ndani ya Jus, ilikubali kuihifadhia michoro yote kwa namna inayoelewa. Kazi haikusimama hata wiki mbili. Lakini ile iliyokufa ilikuwa mashine yake, na habari kama hiyo mtu hapewi kwa simu, kwa hiyo nikapanda gari kwenda Kolwezi.

Nilimkuta barazani mwa ile nyumba mpya, ambayo sasa ilikuwa na nyufa. Alikuwa amekonda. Juu ya bati kulikuwa na sola ndogo, mezani laptop iliyofungwa kwa utepe, na mbele yake wanawake sita au saba wamebanana kwenye benchi mbili. Walikuwa wanajifunza kuchora ua kwa programu ile ile. Nilitafuta mashine kwa macho, sikuiona.

"Mashine iko wapi, Mama?"

"Haijakuya bado."

"Sasa banajifunza namna gani bila mashine?"

"We ulikuya kwangu na mashine?"

Wanawake wa benchi walicheka. Nilicheka pia, kisha nikabaki nimesimama pale pembeni ya meza, sijui nianzie wapi, mpaka yeye mwenyewe akaacha kutazama skrini na kunitazama mimi.

"Imekufa," alisema.

"Imekufa, Mama."

"Ilikuwa inafanya nini?"

Hivyo ndivyo tunavyouliza habari za mtu aliyefariki. Nikamjibu hivyo hivyo. "Ilikuwa mu kazi. Robe ya batême ya mutoto wa jirani. Ilisimama mu katikati ya jina."

"Na mulimaliza?"

"Tulimaliza na mukono."

"Nani?"

"Mi."

"Na mutoto alibatizwa mu robe yake?"

"Alibatizwa nayo, Mama. Ile ile Jumapili."

Akalia. Alilia waziwazi, mbele ya wanafunzi wake, mwanamke ambaye sikuwahi kuona chozi lake, si siku foyer ilipofungwa, si siku ya malori. Nilimshika mabega, nikaisikia mifupa, nami nikalia naye, nikijua na bila kujua tunamlilia nani hasa. Wale wa benchi waliinamisha vichwa. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitenge, taratibu, jicho moja halafu la pili, akaweka tena mkono juu ya laptop.

"Sogea kidogo, Mama Kabwe," alisema. "Bale ba nyuma habaone."